Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: tuiteni mafundi wa zamani kabla hatujaisha

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu na heshima zote zinazostahili kiti chako.

Jumamosi iliyopita tulimzika mwenzetu katika makaburi ya Lang'ata. Hakuwa rubani, kwa hiyo hakuna gazeti lililomwandika. Alikuwa fundi wa injini za F-5, ndege zetu za kivita za injini mbili, na ndiye aliyenipokea Nanyuki mwaka 1984, nikiwa kijana wa miaka 20, siku zile jeshi letu la anga likiitwa 82 Air Force. Mzee yule alisimama kando ya ndege ikiwashwa, masikio ameyaziba, akasikiliza kwa nyayo za miguu. Kisha angeinua mkono: "Zima. Ya kulia inaumwa." Tukifungua tunakuta panga dogo la kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, limeng'oka ncha kwa kokoto lisilozidi punje ya hindi. Ujuzi huo wote tumeufukia Jumamosi saa nane mchana, na hakuna kijana hata mmoja aliyeketishwa chini akafundishwa naye baada ya kustaafu.

Ndiyo maana naandika hadharani. Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nilizipeleka kwa mkono katika ofisi niliyoelekezwa, nakala yangu ikagongwa muhuri, nikaambiwa nisubiri nitaitwa. Na kabla ya barua hizo kiongozi mmoja alisimama mbele yetu wastaafu, akatuahidi kwamba "wazee mtarudi kufundisha". Tulimpigia makofi. Marehemu alikuwa ameketi mstari wa mbele.

Mheshimiwa, kila ndege zinapopita juu ya Nairobi kufanyia mazoezi sikukuu, watu huku Umoja hutoka nje kutazama, na mazungumzo huwa yale yale: lini tutanunua za kisasa? Uganda wana ndege za kivita sita aina ya Su-30 kutoka Urusi, sisi je? Swali ni la haki. F-5E iliruka mara ya kwanza mwaka 1972 na kiwanda kikaacha kuiunda mwaka 1987. Sisi tulizipata kuanzia 1978, mwaka ambao Somalia na Ethiopia walipigana Ogaden, na Idi Amin akiwa bado ameshika Uganda. Baadaye tukaongeza 15 zilizotumika, kutoka Jordan. Hata iliyo changa kuliko zote ni mtu mzima mwenye watoto.

Na ilikuja kwa kazi moja hasa, ya kulinda anga. Ni ndege nyepesi, injini mbili ndogo, mizinga miwili ya milimita 20 puani, makombora ya Sidewinder kwenye ncha za mabawa, na rada isiyoona mbali. Oktoba 2011, operesheni Linda Nchi ya jeshi letu dhidi ya al-Shabaab ilipoanza, ikabebeshwa kazi nyingine: mabomu, hadi ndani ya Somalia. Ikaibeba. Niliposikia redioni nililia, Mheshimiwa, kwa sababu nilijua kuna kijana aliyekesha na tochi mdomoni akikagua kila pini ya bomu kabla rubani hajapanda ngazi.

Ndege ya kivita ya kazi nyingi, kama F-16 au Gripen, imeundwa tangu mwanzo kwa kazi hizo zote. Rubani anaweza kupaa akiwa mlinzi wa anga, akapokea amri huko huko juu, akabadilisha namna rada inavyofanya kazi na kwenda kusaidia askari walio chini, halafu akarudi na picha za alichokiona. Kwa nchi yenye ndege chache hilo ni jambo kubwa, maana ndege moja inashika nafasi ya ndege tatu. Lakini fikiria upande wa pili: ndege hiyo moja ikilala karakanani, umepoteza mlinzi, mshambuliaji na mpelelezi kwa mpigo.

Afrika Kusini walinunua Gripen 26. Ndege safi, marubani hodari. Mwaka 2021 zikakaa chini, hakuna iliyoruka, kwa sababu mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha na mpya haukusainiwa hadi 2022. Nchi tajiri kuliko yetu! Kwa hiyo anayeniuliza tununue ndege gani, mimi humjibu kwa swali: ataishika nani?

Nahisi huko ofisini kuna mtu anayedhani kwamba fundi wa F-5 hana la kumwambia kijana atakayeshika ndege ya kompyuta. Huenda ndiyo sababu barua zangu zimelala. Naomba nimweleze jambo moja lililotokea.

Usiku mmoja wakati wa kufunga kazi, sanduku langu la vifaa lilipungukiwa na bisibisi fupi. Kila kifaa kina nafasi yake iliyochongwa sandukuni, na kifaa kimoja kisipoonekana ndege hairuki. Kulikuwa na baridi ile ya Nanyuki inayoshuka kutoka mlimani, na ndege ilitakiwa alfajiri. Mzee yule hakupandisha sauti. Aliagiza tung'oe kiti kizima cha rubani, kile kinachomrusha nje mambo yakiharibika, kazi ya saa kadhaa. Saa kumi usiku tukaikuta bisibisi imelala karibu na vyuma vinavyoongoza usukani. Ingejiviringisha kidogo tu angani, usukani ungekwama. Akanipa kalamu, akanionyesha mstari kwenye kitabu cha ndege: "Andika. Jina lako. Kosa lako." Niliandika mkono ukitetemeka, na miaka yote iliyofuata sikupoteza hata skrubu.

Je, kompyuta gani inafundisha hilo? Gripen ina usukani. Su-30 ina usukani. Kokoto la kwenye njia ya ndege haliulizi injini ni ya mwaka gani. Hadi leo lazima watu wajipange mstari asubuhi, bega kwa bega, waliokote.

Niliapa barua hii isitaje sikio langu, lakini linanikereketa. La kulia limekufa. Mjukuu wangu anajua kuzunguka upande wa kushoto ndipo aniambie jambo lake. Nadhani ni zile injini, miaka ile vizibo vya masikio tukigawana. Karatasi za fidia niliziwasilisha mahali, nikaambiwa faili halionekani. Lisipoonekana basi, lakini ujuzi huu nao usipotee kama faili.

Maana ombi langu ni moja. Tuiteni. Hatutaki sare wala cheo, na mshahara hatuudai. Nauli na chai ya saa nne vinatosha. Hata siku mbili kwa wiki, hapo hapo Kambi ya Anga ya Moi, Eastleigh. Kutoka Umoja mimi nafika kabla ya saa moja asubuhi. Wenzangu walio Nanyuki wako karibu na Kambi ya Anga ya Laikipia. Tuwekeeni vijana 10 na injini moja kuukuu isiyoruka tena, tuifungue na kuifunga mbele yao mpaka waweze gizani. Ndege mpya ikija, ije wakati wowote, iwakute wamezoea.

Tuiteni, Mheshimiwa. Nina daftari lenye majina ya mafundi wa injini niliofanya nao kazi, yalikuwa 22. Jumamosi jioni, nikiwa bado na vumbi la Lang'ata viatuni, nilikata moja kwa kalamu. Yamebaki 9, na wawili kati yao hawawezi tena kupanda ngazi.

Namba yangu ya simu iko kwenye zile barua tatu. Mtakaponipigia, iacheni simu ilie kwa muda; nitaishika kwa sikio la kushoto.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu wa injini,
Umoja, Nairobi