Seneta asiye na chama apimwe kwa vifungu, si kwa wingi wa hotuba

Mhariri,

Kila mjadala wa mgombea binafsi unapofufuka Tanzania, hoja moja haikosi: mtu asiye na chama akiingia bungeni atafanya nini zaidi ya kupiga kelele? Mahakama ya Afrika pale Arusha iliamua Juni 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki, lakini hukumu haijibu swali hilo la kazi. Seneti ya Ireland, bunge la juu la nchi hiyo, inalijibu. Imekuwa na maseneta wasio na chama tangu 1922, ukiacha miaka ya 1936 hadi 1938 ilipokuwa imefutwa, na kumbukumbu za vikao vyake zimewekwa wazi kwenye intaneti, na zinaweza kutafutwa kwa jina la msemaji.

Kasoro iko kwenye usomaji. Watu huhesabu michango, wakiona mingi wanasema huyu mchapakazi. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu michango mingi hutoka kwenye kipindi cha kupanga shughuli za siku, ambapo kila seneta hupewa dakika chache aseme analotaka, liwe la barabara ya kwao au la vita vya ng'ambo. Waziri hajibu hapo. Anajibu kiongozi wa shughuli za Seneti, kwa jumla, mwishoni. Kuna kipindi kingine ambacho seneta huleta jambo moja mahususi na waziri au naibu wake huja kulijibu. Hicho kina uzito zaidi, ingawa si ajabu jibu likawa karatasi iliyoandikwa wizarani na msomaji wake akawa naibu wa wizara nyingine kabisa.

Anayetaka kujua seneta kafanya nini aanzie hatua ya kamati. Muswada hupita hatua tano: kuombewa ruhusa ya kuletwa, kujadiliwa kwa misingi yake, kamati, taarifa, na ya mwisho. Kwenye kamati kila kifungu hufunguliwa, na seneta anaweza kusimama zaidi ya mara moja juu ya rekebisho lilelile. Hapo ndipo waziri hubanwa. Akiona hoja ina mashiko lakini maneno hayajakaa sawa, huahidi kulitazama kabla ya hatua ya taarifa, na seneta huliondoa rekebisho lake kwa ruhusa ya kikao. Msomaji wa juu juu ataandika kwamba seneta kashindwa. Asome hatua inayofuata: mara nyingine rekebisho hilohilo hurudi likiwa na jina la waziri, limeandikwa upya na wanasheria wa serikali. Sifa huenda serikalini, kifungu hubaki kwenye sheria.

Hatua ya taarifa ni ngumu zaidi kwa mtu wa peke yake. Rekebisho lazima liungwe mkono na seneta mwingine, na nafasi ya kusema hupungua. Anayetaka kura ihesabiwe kwa majina lazima apate wenzake wa kusimama naye. Wakiwa pungufu ya watano, mwenyekiti wa kikao, Cathaoirleach, hutangaza matokeo bila kupiga kura hiyo, na waliosimama huandikwa tu kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana hata maseneta huru hujikusanya katika vikundi. Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni fedha. Rekebisho linaloongeza mzigo kwa hazina hukataliwa na Cathaoirleach kabla halijajadiliwa, na muswada wenye gharama hausongi mbele katika Dáil, bunge la chini, bila barua ya serikali ya kuridhia matumizi.

Muswada wa seneta huru Frances Black, wa kuzuia biashara na makazi yaliyojengwa katika maeneo yanayokaliwa kimabavu, ulivuka hatua ya pili Seneti Julai 2018 kwa kura 25 dhidi ya 20, ukavuka hatua hiyo hiyo Dáil Januari 2019 kwa kura 78 dhidi ya 45, kisha ukakwama kwa kukosa barua hiyo. Wingi wa kura ulikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi moja.

Sasa mchukueni Feargal Quinn, mfanyabiashara aliyeanzisha maduka ya Superquinn na kukaa Seneti kuanzia 1993 hadi 2016 kwa kura za wahitimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Ireland. Kati ya viti 60 vya Seneti, 43 huchaguliwa kwenye makundi matano ya kitaaluma ambayo wapiga kura wake ni madiwani, wabunge na maseneta, yaani watu wa vyama. 11 huteuliwa na Waziri Mkuu. Sita ni vya wahitimu wa vyuo vikuu. Kwa hiyo wasio na chama wengi huingilia mlango wa vyuo.

Mwaka 2010 ujenzi wa Ireland ulikuwa umeporomoka. Mkandarasi mkuu alikuwa akifilisika, mafundi umeme, mabomba na rangi waliokwisha kumaliza kazi wanabaki mikono mitupu. Mikataba mingi ilikuwa na sharti kwamba mkandarasi mdogo atalipwa pale tu mkubwa atakapolipwa. Quinn hakuishia kulalamika asubuhi kwenye shughuli za siku. Alileta muswada binafsi wa malipo katika mikataba ya ujenzi, ukajadiliwa Mei 2010, serikali haikuupinga, Seneti ikaupitisha. Serikali ikabadilika 2011. Mpya ikauchukua na kuurekebisha Dáil. Ulisainiwa Julai 2013. Kwa maoni yangu uliokolewa na jambo moja: haukuomba fedha za umma za kuzungumzia, kwa kuwa gharama za mwamuzi wa migogoro ya malipo hubebwa na wanaogombana wenyewe.

Someni vifungu vyake. Sharti la "nitakulipa nikilipwa" limebatilishwa, isipokuwa pale aliye juu amefilisika. Anayedai hupeleka hati ya madai ndani ya siku 5 tangu tarehe ya kudai. Mlipaji anayepinga kiasi lazima ajibu kwa maandishi ndani ya siku 21, aeleze anakata nini na kwa nini. Kwa mkandarasi mdogo, fedha zilipwe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kudai. Zisipolipwa, mkandarasi anaruhusiwa kusimamisha kazi baada ya kutoa notisi ya siku zisizopungua 7. Mgogoro wa malipo unaweza kupelekwa kwa mwamuzi wakati wowote, naye hutoa uamuzi ndani ya siku 28, na anaweza kuongeza hadi 14 kama aliyempelekea shauri ameridhia. Uamuzi wake hufuatwa mara moja hata kama upande mmoja unakwenda mahakamani. Hii ndiyo roho ya sheria yote: lipa kwanza, bishana baadaye.

Ina matundu pia, na kumbukumbu za vikao zinaonyesha yalikotokea. Kiwango cha mikataba isiyoguswa kilikuwa kikubwa zaidi kwenye muswada wa awali. Kilishushwa hadi euro 10,000 njiani, hivyo fundi wa kazi ndogo bado yuko nje. Nje pia iko nyumba ya kuishi isiyozidi mita za mraba 200 ambayo mwenye mkataba anakaa au atakaa mwenyewe. Halafu sheria haikuanza kutumika hadi 25 Julai 2016, karibu miaka mitatu baada ya kusainiwa, na mikataba ya kabla ya tarehe hiyo haikupata chochote. Kosa la uandishi lililo wazi ni hili: kifungu kinamtaka mlipaji ajibu ndani ya siku 21 lakini hakisemi kinachompata asipojibu. Pengo hilo liliachiwa waamuzi na mahakama.

Hotuba inayokumbukwa kuliko zote katika Seneti ile ni ya mshairi W. B. Yeats, seneta wa kuteuliwa asiye na chama, aliyetetea haki ya talaka Juni 1925. Ilikuwa na ufasaha wa kupindukia. Haikubadilisha sheria, katiba ya 1937 ilipiga talaka marufuku na marufuku hiyo ikaondolewa kwa kura ya maoni ya 1995. Kumbukumbu za Quinn, kinyume chake, zinachosha kusoma: siku, hati, tarehe, notisi.

Ombi langu kwenu, mhariri, mnapoandika kuhusu wabunge wasio na chama, wa Kenya wanaoruhusiwa na katiba yao au wa kwingine, badala ya idadi ya michango chapisheni marekebisho aliyowasilisha: mangapi yalikataliwa kwa sababu ya fedha, mangapi aliyaondoa baada ya ahadi ya waziri, na katika hayo, mangapi yalirudi kwa jina la waziri. Kwa Ireland, jedwali hilo mtu anaweza kulitengeneza kwa kumbukumbu zilizo wazi, muswada mmoja baada ya mwingine.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam