Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya Mambo ya Kale: mtu wenu aje na futi kamba kabla shimo halijafukiwa

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika skuli moja ya Mjini, na kuwaandikia wakubwa sikuzoea. Mara ya mwisho kuandika barua ya serikali nilikuwa naomba uhamisho. Nilijibiwa baada ya mwaka na miezi, nishakata tamaa, nishatulia pale pale. Hii naiandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe halina mwaka wa kusubiri.

Kusini mwa Unguja, huko maweni, yuko mzee anayeishi ndani ya jiwe. Sisemi nyumba ya mawe, hizo tunazo tele. Ameshuka chini kwa mtaimbo, nyundo na tindo, akakata vidaraja kumi na kimoja, ukumbi mwembamba na vyumba vitatu, na juu ya paa lake mbuzi wa jirani wanakula majani. Kijiji sikitaji, mwenyewe ameniomba, na sababu yake utaiona mbele. Wiki tatu zilizopita walifika wakaguzi wa ofisi moja. Walichungulia kwa juu, hakushuka hata mmoja, wakapiga alama ya X ya rangi nyekundu kwenye kizingiti na kutoa amri ya mdomo: shimo lifukiwe.

Nilikwenda mwezi wa Februari, kaskazi imepamba moto, nikiongozwa na kijana niliyemfundisha zamani. Ukishuka garini unatembea karibu saa nzima juu ya mawe makali kama meno ya msumeno, na viatu vyangu vya skuli sikurudi navyo. Nilichukua kipimajoto cha maabara, kwa ushamba wangu wa ualimu. Saa saba mchana juu ya vidaraja kilisoma digrii 33. Chini, katika chumba cha kati, baada ya kukiacha mezani mpaka tumalize chai, kilisoma 26. Wanafunzi huwa nawaandikia ubaoni kwamba ardhi ukishaingia mita kadhaa haijui kaskazi wala kusi, joto lake hukaa karibu na wastani wa mwaka mzima. Nimeliandika hilo miaka kumi na nane. Siku ile ndiyo nililikalia.

Mzee alikuwa mchimba visima. "Kila nikitoka kisimani mchana nakutana na jua," aliniambia, "naona kama natoka kwangu naingia kwa watu." Akaanza kuchimba kwake kabla ya mvua za El Nino za 1997, na mvua zile ndizo zilizompa funzo la kwanza: maji yalishuka vidarajani yakajaa mpaka magotini, kisha usiku mmoja jiwe likayanywa yote. Asubuhi yake akakata mfereji wa kuzunguka mlango, akainua kizingiti kwa futi moja, na tangu hapo, anasema, maji yanapita nje kama mgeni asiyekaribishwa.

Nataka ujue anavyokata, maana wachimba mawe wa zamani wamebaki wachache. Tabaka la juu la jiwe letu limekazwa na mvua na jua, mtaimbo unaruka. Ukishalivuka, chini yake jiwe ni laini, tindo inaingia kama kwenye sukari guru. Ukiliacha likapigwa na hewa, nalo linakaza. Kwa hiyo kila ukuta anaukata mara moja na kuumaliza, hauachi wiki mbili akaja kuupapasa tena. Dari hakulinyoosha, amelipinda kama mgongo wa ngalawa iliyopinduliwa, ili uzito ushuke kutani. Chumba hakizidi mita mbili na nusu upana. Amebakisha jiwe la mita moja na nusu juu ya kichwa. Na alipoona sakafu inaanza kutoa unyevu aliacha kushuka, kwani mchimba visima anajua kwamba katika kisiwa maji matamu yameelea tu juu ya maji ya chumvi, na ukiyafuata sana utayapoteza.

Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa. Chumba kimoja ni mita nne kwa mbili na nusu, kimo mbili na ushei: mita 22 za ujazo. Nikikadiria tani mbili kwa kila mita, hizo ni tani 44. Karai moja la kilo 20, basi ni makarai 2,200, yote yamepanda vidaraja vile kumi na kimoja begani mwa mtu mmoja. Na hicho ni chumba kimoja katika vitatu! Nikamuuliza jiwe lote limekwenda wapi. Jingine liko kwenye misingi ya nyumba za majirani, jingine limechomwa chokaa, na lililobaki ndilo ukuta unaozuia nguruwe mwitu wasiingie kwenye muhogo wake.

Ukimulika dari kwa tochi unaona matumbawe yenyewe, mengine yana mikunjo kama ubongo, na kati yao nusu za makombe zimekwama zimefumbata. Mwamba ule ulikuwa hai chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mzee hajui hiyo laki moja, lakini kombe moja amelizungushia tindo kwa makusudi ili lisivunjike, na chini yake ndipo anapotundika taa.

Katika ukuta wa kaskazini wa chumba cha kwanza amechonga kibla kidogo, urefu wa mkono. Makka kwetu iko kaskazini karibu moja kwa moja, lakini chini hakuna jua la kukuelekeza, basi alivuta kamba kutoka juu, ikashuka vidaraja na kupinda ukumbini, akaipima na kuirudia siku tatu. Upinde wake ameuiga kwa macho kutoka msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ule wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Hakuupata sawasawa. Upande wa kulia umelala kidogo, na mwenyewe anacheka akikuonesha.

Mkewe, Mungu amrehemu, alikataa kushuka. "Mwanandani nitaingia siku yangu ikifika," alimwambia, "sitangulii." Akakaa juu kwenye kibanda cha makuti miaka miwili, mume chini mke juu, kijiji kizima kinacheka. Kisha kaskazi moja alishusha mkeka wake adhuhuri, apumzike tu. Mkeka haukupanda tena.

Sasa nije kwenye sababu ya kutotaja kijiji. Miaka michache nyuma kijana mmoja wa kutembeza wageni alisikia habari hii, akaja na Wazungu wawili bila hodi, akasimama ukumbini na kuanza kuwahadithia kwamba humu ndimo walimofichwa watumwa. Mzee alikuwa chumba cha pili anakarabati uzi wa mtego. Akatoka. "Watumwa wepi? Aliyetumwa humu ni mimi, na aliyenituma ni jua."

Mheshimiwa, mimi nilicheka, halafu njiani nikarudi nikiwa sicheki. Unajua wewe kuliko mimi kwamba kila shimo la Zanzibar sasa lina watumwa. Mangapwani, kaskazini ya mji, ni haki yake. Chumba kile kimekatwa kwenye jiwe ili kuficha watu baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kuzuia biashara ile baharini, na magendo yakaendelea. Hadithi hiyo ihadithiwe, tena kwa sauti. Lakini vile vyumba vya chini vya Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa mjini, ambavyo wageni huinamishwa vichwa na kulia humo, wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba vilikuwa ghala la hospitali ya misheni, iliyojengwa soko lishafungwa. Uchungu wa soko la Mkunazini ni wa kweli, haukuhitaji kuongezewa ghala. Mahali pakikosa maandishi, anayeongea kwa sauti kubwa ndiye anayepaandikia.

Niliwahi kupeleka wanafunzi Pemba, Pujini, kwenye ngome ya Mkama Ndume. Wataalamu wanaiweka karne ya 15. Pale pana chumba kilichokatwa chini ya ardhi, unakiendea kwa ngazi, na ukutani pana siwa, lile baragumu la watawala, iliyochorwa kwa lipu. Wanafunzi walitaka kujua nani alikikata. Nikawapa ya mtawala na ukatili wake, mawe yaliyobebwa na watu wakijikokota kwa makalio, kisima cha wake wenza wasioonana, mmoja akishuka ngazi, mwengine akiteka kwa kamba. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, huyo ni mwenye nyumba. Mimi nauliza fundi." Sikuwa na jibu.

Huyu wa kusini tunaye fundi. Yuko hai, ana akili zake timamu, ana umri wa kutosha kunifanya niharakishe barua hii. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, tuliilia, lakini jengo lile lina picha zaidi ya karne nzima, mtu anaweza kukuambia dirisha lipi lilikuwa wapi. Nyumba hii ikifukiwa hakuna hata mchoro mmoja wa penseli. Nilijaribu kuichora mimi, nikapata kitu kinachofanana na kiazi.

Nisiwaonee wale wakaguzi. Hofu ya kuporomoka si ya bure. Chumba cha tatu kina ufa darini, mwembamba kama uzi, unaanzia pembeni na kwenda mpaka katikati. Mzee ameuona kabla yangu. Amebandika vidonge vya chokaa juu ya ufa, kimoja kimoja, na pembeni ya kila kimoja ameandika mwaka kwa mkaa: ufa ukitanuka, chokaa kinapasuka. Kidonge cha 2011 ni kizima mpaka leo. Cha masika iliyopita kimekatika katikati. Alinionesha mwenyewe, hakunificha, na chumba hicho hakilali mtu tena, kimewekwa mbegu na vyombo. Mimi nisingelala humo na nisingemshauri mtu. Lakini hilo ni swali la mhandisi mwenye futi kamba na taa, ashuke, aguse, apime. Brashi ya rangi haiwezi kulijibu ikiwa juu.

Kwa sheha nilikwenda pia, mtu mwema, hana kosa. Fomu aliyopewa inauliza idadi ya ghorofa na aina ya paa: bati, makuti au zege. Aliijaza mara mbili, mara mbili ikarudi. Ya mwisho ameandika "paa: Mungu", na hiyo nayo, nadhani, itarudi.

Ninachoomba ni kidogo. Usimfanye mzee kivutio. Asiwekewe kibao barabarani, kibanda cha tiketi wala kijana wa kuhadithia. Mpelekee watu watatu kwa siku tatu: mchoraji wa ramani za majengo, mhandisi anayejua jiwe la matumbawe, na mtu wa kurekodi sauti, ikiwezekana mzaliwa wa kusini, kwani mzee akiingia kwenye mambo ya mawe hutumia maneno ambayo mimi wa Ng'ambo, hapa mjini, nilikuwa nabahatisha. Kila pigo la tindo ana jina lake. Nimeandika manne, najua yako zaidi. Kisha mhandisi akisema chumba cha tatu kijazwe, kijazwe, mzee mwenyewe ameniambia atakijaza kwa mikono yake na hataki kibarua. Vile viwili viachwe, apewe karatasi ya kuishi humo mpaka siku zake zitimie. Na hadi hapo, mwambie mwenzio wa ofisi ile asitume gari la kifusi.

Masika yanakaribia na njia ile ikilowa haipitiki kwa mtu wa mjini. Watu wako wakija kabla yake, wavae viatu vya soli ngumu na wachukue maji yao ya kunywa. Mlangoni wasipige hodi kwa mdomo, mzee masikio yamechoka. Kuna jiwe bapa kando ya kidaraja cha kwanza na jengine dogo juu yake. Wagonge mara tatu, wasubiri. Chini inasikika.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa jiografia,
Mjini Unguja