Binti anayepiga makasia na siku zake

Mhariri,

Binti yangu wa miaka 17 hupiga makasia katika klabu moja hapa Uingereza, mazoezi mara tisa kwa wiki. Miezi minne hakuona siku zake. Kocha akasema ni kawaida ya wanamichezo. Kawaida gani hiyo? Mwili unaotumia nguvu kuliko chakula unachopata hubana matumizi: leptini, homoni inayouarifu ubongo kuhusu akiba ya mafuta mwilini, hushuka, homoni za tezi ya shingo hupungua, ovari hulala, mifupa hudhoofika. Wavulana nao hupungukiwa testosteroni, homoni ya kiume, ila wao hawana kalenda ya kuwashtua wazazi. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa tamko kuhusu hali hii tangu 2014. Makocha wanaodai kila mara kujua muda wa kupiga makasia mita 2,000, waulize na hedhi. Siku hizi binti yangu haendi mtoni kabla hajamaliza bakuli la uji.

Mzazi,
London