Kasi peke yake haifanyi dethi metali kuwa ya kiufundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala unaowagawa wapenzi wa muziki mzito wa gitaa, yaani ni albamu zipi zinazostahili kuitwa dethi metali ya kiufundi (technical death metal) na mpaka wa tawi hilo uwekwe wapi. Siku hizi jina hilo hupewa karibu kila bendi ambayo mpiga dramu wake ana mbio na mpiga gitaa wake ana vidole vyepesi. Napinga matumizi hayo, kwa sababu yanakaribisha kazi nyingi zisizo na ufundi wowote wa utunzi, na papo hapo yanaziacha nje baadhi ya albamu bora kabisa kwa kuwa tu hazikimbii.

Kwa maoni yangu, kwanza muziki wenyewe uwe dethi metali kweli: sauti ya kunguruma, magitaa yaliyoshushwa nyuzi yakatoa mlio mzito, dramu kubwa inayokanyagwa kwa miguu yote miwili, na wimbo unaojengwa kwa vifungu vya gitaa vinavyofuatana badala ya kuegemea kiitikio. Baada ya hapo ndipo tuulize kama ugumu umo katika utunzi au umo katika mikono ya wapigaji tu. Utunzi wa kiufundi hubadilisha mapigo pale ambapo wimbo unadai yabadilike, huipa besi hoja yake yenyewe, na kifungu kimoja kikiondolewa wimbo mzima hulegea. Msikilizaji aliyezoea kutenganisha magitaa ya solo, mi-solo na ridhimu katika sebene la Kongo tayari ana sikio linalohitajika kwa kazi hii.

Albamu ninayoipenda kuliko zote za mwanzo ni Unquestionable Presence ya bendi ya Atheist kutoka Florida, iliyotolewa mwaka 1991. Mpiga besi wao, Roger Patterson, alifariki katika ajali ya gari mwezi Februari mwaka huohuo, kabla ya kurekodi, na Tony Choy wa bendi ya Cynic ndiye aliyeingia studio kuzipiga besi ambazo kwa sehemu kubwa marehemu alikuwa amekwisha kuzitunga. Ukiisikiliza leo, besi hiyo haijifichi nyuma ya gitaa hata mara moja. Inauliza, inajibu, na mara nyingine inaanza safari ambayo magitaa yanalazimika kuifuata. Albamu nzima ina dakika zipatazo 32 tu, lakini haina sekunde ya kujaziliza.

Katika studio ileile ya Morrisound mjini Tampa, na mwaka uleule, Chuck Schuldiner wa bendi ya Death alirekodi Human akiwa na Paul Masvidal na Sean Reinert, wote wawili wa Cynic, pamoja na Steve DiGiorgio kwenye besi. Umuhimu wa Human ni kwamba inaeleweka. Ufundi wake mwingi umo katika dramu za Reinert, aliyeleta wepesi wa jazi ndani ya muziki mzito bila kuupunguzia uzito.

Kwa heshima hiyohiyo, nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji: Focus ya Cynic, ya mwaka 1993, naiweka nje ya mpaka. Ni albamu nzuri sana, na wapigaji wake ni mabingwa. Hata hivyo, sauti inayozibeba nyimbo zake ni ile ya Masvidal iliyopitishwa kwenye mashine, huku ngurumo ikibaki kama mgeni, na mwelekeo wa muziki umekwisha kuhamia kwenye jazi na roki ya kimaendeleo (progressive rock). Kuiweka nje hakuishushi hadhi. Kunaeleza tu mahali iliposimama.

Jaribio kubwa la mpaka huu ni Obscura ya Gorguts, bendi ya Quebec, Kanada. Ilitolewa mwaka 1998, ingawa nyimbo zake zilikuwa zimetungwa miaka kadhaa kabla. Anayetafuta mbio atachoka nayo mapema, kwani sehemu nyingi zinajikokota, magitaa yanakwaruza na kulia kama yanayovunjwa, na ulinganifu wa sauti uliozoeleka umetupwa kando. Lakini kila kelele humo imepangwa. Luc Lemay na Steeve Hurdle waligawana gitaa kwa namna ambayo ukimsikiliza mmoja peke yake utadhani amekosea, ila ukiwasikiliza pamoja kifungu kinakamilika. Kama ufafanuzi wetu wa ufundi hauwezi kuibeba Obscura, basi ufafanuzi ndio wenye kasoro. Ndivyo ninavyosema pia kuhusu Nespithe ya bendi ya Demilich ya Finland, ya mwaka 1993, ambayo vifungu vyake vilivyopindapinda havijapata mrithi wa kweli.

Sisemi kwamba kasi ni dhambi. Muhammed Suiçmez wa bendi ya Necrophagist, nchini Ujerumani, alitengeneza Onset of Putrefaction ya mwaka 1999 karibu peke yake, akitumia dramu za mashine, kisha mwaka 2004 akatoa Epitaph akiwa na bendi kamili. Epitaph ina nyimbo nane zenye kasi kubwa, na bado kila solo imetungwa kama sehemu ya wimbo. Mwishoni mwa wimbo mmojawapo inajitokeza sauti ya Prokofiev, mtunzi wa muziki wa kiklasiki wa Urusi, kutoka baleti yake ya Romeo and Juliet, na haionekani kupachikwa. Bendi ya Archspire ya Vancouver, Kanada, nao wana kasi kupita wengi, ila katika Bleed the Future ya mwaka 2021 wanajua pa kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakowatenganisha na waigaji wao.

Kwa msomaji anayetaka kuujaribu mpaka huu kwa masikio yake, nashauri aanze na Human, aende Unquestionable Presence, kisha Epitaph, na Obscura aiache ya mwisho, aisikilize yote kwa mkupuo mmoja bila kuruka wimbo.

Wako,
Msomaji, Arusha