Mama, nilikwenda kusema

Virginia, mwezi wa nne

Mama, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa jikoni nageuza chapati, ikaungua. Najua jirani yako akiona habari za Marekani kwenye runinga lazima apite hapo kibarazani kuuliza kama ningali hai. Nipo, nakula, na nimenenepa. Ila umeuliza jambo ambalo kwa simu siwezi kulieleza, kaka atadakia: ni kweli nilimpeleka mwenzangu polisi?

Sikumpeleka polisi. Ni kijana tunayekaa naye meza moja kwenye somo la takwimu. Mwezi wa pili aliadimika darasani. Aliporudi akanisukumia kikokotoo chake, kile cha bei kali, akasema, "Chukua, mimi sitakihitaji tena." Nikadhani anahama chuo. Wiki ileile, tukisubiri basi, akasema mwalimu aliyemfelisha atajuta, na siku akaitaja. Hakuwa na hasira, Mama. Alisema kama mtu anayekutajia saa ya gari la Muheza.

Nililala na neno lile siku mbili. Mimi mgeni, nipo kwa viza, niingie ofisi za watu kumchongea mwenyeji? Na kama alikuwa anatania?

Kilichoniinua ni Blacksburg, mji ulipo chuo cha Virginia Tech. Mwaka jana tulipelekwa kuona yale mawe 32 yaliyopangwa uwanjani Virginia Tech. Aprili 16, 2007 mwanafunzi mmoja wa pale aliua watu 32, kisha akajiua. Mmoja wa waliouawa alikuwa mwalimu mzee, Liviu Librescu, Myahudi aliyenusurika mauaji ya enzi za Hitler. Aliuzuia mlango kwa mwili wake huku wanafunzi wakiruka nje kupitia madirishani. Niliposoma habari zake nililia. Lakini kilichoninyima usingizi ni yale ya nyuma. Walimu walishtushwa na maandishi ya yule muuaji kabla ya siku hiyo; mshairi Nikki Giovanni alikataa kabisa kuendelea naye darasani kwake. Polisi wa chuo walishapokea malalamiko. Mwaka 2005 aliamriwa kisheria atibiwe. Kila mtu alishika kipande chake, na wengine walidhani sheria ya faragha inawafunga mdomo. Mwaka 2008 ndipo jimbo hili likatunga sheria kila chuo cha umma kiwe na timu ya kutathmini vitisho, ambako polisi, washauri na walezi wa wanafunzi hukaa meza moja.

Basi Jumatatu nikaenda kwa timu hiyo ya chuo chetu. Alinipokea mama mmoja mtu mzima, akanipa maji. Nikaanza na nguo nyeusi za mwenzangu na ukimya wake. Akanikatiza, taratibu tu: "Usiniambie anaonekanaje. Alisema nini, lini, wapi, nani mwingine alisikia?" Niliona haya, maana hata mimi kuna watu hapa wananiogopa kwa ninavyoonekana. Kikokotoo akakiandika, nguo akaziacha. Akauliza kama nimewahi kumsikia akitaja kujiua, kwa kuwa mtu anayegawa vitu vyake huenda anaaga. Hilo halikuwa limenijia kabisa. Akaniambia pia, siku nikiona silaha nisimtafute yeye, nipige 911, namba ya dharura ya huku, papo hapo.

Jioni ileile walimfuata. Baada ya siku chache baba yake alikuja na gari, wakaondoka. Nasikia yuko kwao anatibiwa. Zaidi ya hapo hawaniambii, na sidhani wanapaswa kuniambia. Wapo darasani wanaoninunia. Mmoja aliniuliza kama kwetu serikali hulipa watu kwa kazi hiyo. Sikumjibu. Nilikukumbuka wewe, usiku ule ulipovaa kanga mbili ukaenda kwa mjumbe kwa sababu Baba Zuhura alikuwa ananoa panga na kumwambia mkewe "utaniona". Mtaa mzima ulikuita mbea. Na Mama Zuhura mpaka leo anauza vitumbua.

Jirani usimwambie haya. Mwambie nasoma, kuna baridi, basi. Akija mtu wa huku nitumie dagaa, lakini wafunge vizuri, mara ya mwisho begi zima lilinuka mpaka uwanja wa ndege.

Kikokotoo kipo hapa mezani. Nimekitoa betri zisije zikavuja, nimekifunga kwenye ile leso uliyonipa, namtunzia mwenyewe.

Mwanao,
Mwanaidi