Makaratasi ndiyo kesi yenyewe

Mhariri,

Kuna msomaji mmoja kaandika kwenye gazeti lako analalamika eti mahakama zinawaachia watu wa dawa za kulevya kwa sababu ya makaratasi tu, nikasema hii siipiti hivi hivi. Mdogo wangu alikula miaka 30 kwa kusafirisha bangi, katoka kwa rufaa, na kilichomtoa ni hayo hayo makaratasi.

Dogo ni bodaboda. Abiria alikuwa na kiroba, walipoona polisi mbele akaruka akatokomea, dogo akabaki na pikipiki na kiroba cha watu. Silazimishi mniamini, kila ndugu wa mfungwa ana stori yake, ila angalieni kilichofuata. Kituoni kiroba kikapimwa wakaandika kilo 4.2, ripoti ya Mkemia Mkuu ikarudi na kilo 3.6, na hapo katikati siku 11 zimepita. Muda huo kiroba kilikaa kwa nani? Koplo aliyekamata anasema alimkabidhi mtunza vielelezo, yaani anayetunza vitu vya ushahidi, mtunza vielelezo hakuitwa kutoa ushahidi, daftari la vielelezo nalo halikuletwa. Halafu mkemia anasema alipokea boksi lililofungwa kwa muhuri wa lakiri. Kiroba cha salfeti kiligeuka boksi lini, na mbele ya nani? Hakimu akayapita yote hayo.

Mambo ya rufaa dogo kafundishwa na wafungwa wazee, mawakili sisi tungewatoa wapi. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa unatoa ndani ya siku 10, unaweza kuipitishia kwa maafisa magereza huko huko, rufaa yenyewe siku 45 na zile siku unazosubiria nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi. Kuna watu wanazeekea ndani kwa kutojua hilo tu.

Na sio kwamba majaji wanajitungia. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye rufaa namba 110 ya mwaka 2007, ambayo wala haikuwa ya bangi, ilikuwa ya ujambazi, kwamba kielelezo kiwe na maandishi yanayofuatana tangu kinakamatwa, nani kakitunza, nani kampa nani, mpaka kinapimwa. Baadaye wakalegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishika kirahisi kama meno ya tembo, sawa, pembe huwezi kuibadili chooni. Lakini majani? Unga? Mtu akiamua ni dakika mbili.

Mbele ya jaji wa Mahakama Kuu hata wakili wa serikali alisimama akasema haitetei hukumu ile. Nusu saa haikuisha, dogo kaachiwa, baada ya miaka mitatu ndani. Sasa huyo msomaji amkasirikie nani, jaji au aliyeshindwa kujaza daftari? Maana kama dogo angekuwa muuzaji kweli, aliyemwachia ni yule yule wa daftari.

Wiki iliyofuata tukaenda kituoni kufuata pikipiki, maana nayo ilikuwa kielelezo. Tumeikuta uani chini ya mwarobaini, haina betri, haina site mira, tairi la mbele sio lake. Dogo akauliza vitu vyake viko wapi, afande akamjibu alete karatasi inayoonyesha ilipoingia pale ilikuwa navyo.

Kaka mtu,
Tanga