Risala ya Kikundi cha Utafiti wa Vifaa vya Ujenzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utafiti ya Ndaki ya Uhandisi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Rasi wa Ndaki, wahadhiri, wanafunzi wenzetu na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kutusikiliza. Tumejulishwa kwamba muda wako ni mfinyu, hivyo historia tutaipitia haraka: tulianza wanafunzi wanne wa uzamili, tukiwa na makarai mawili na chekeche la kuazima, kwa lengo la kupunguza saruji katika zege kwa kutumia mabaki ya mashambani.

Klinka, yaani vibonge vinavyosagwa kuwa saruji, huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,450. Pumba za mpunga zinazorundikwa nje ya mashine za kukoboa huko Kilombero na Mbarali, zikichomwa kwa uangalifu bila kupita sana nyuzi 700, huacha majivu yenye silika nyingi, yaani madini kama yale ya mchanga, iliyo tayari kuungana na chokaa inayotoka kwenye saruji inapokutana na maji. Majivu hayo pia hupunguza ukali wa saruji unaokula nyuzi za mkonge, zao lililoingia Tanganyika mwaka 1893, ambalo sisi tunalichanganya katika vigae vya kuezekea.

Mafanikio ni makubwa. Tumefyatua matofali 300, na ukuta wa stoo ya bustani uliojengwa kwa matofali hayo umepita masika mawili ukiwa wima. Tofali moja linazuia mlango wa ofisi yetu usijifunge, na halijapata ufa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba uturuhusu sasa tukae kidogo kwenye changamoto yetu, ambayo ni moja tu. Hatuna mashine ya kuaminika ya kupimia nguvu ya zege. Mchemraba wa zege wenye upande wa milimita 150, ukitakiwa kufikia nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, sharti ukandamizwe kwa kilonyutoni zipatazo 563, yaani kama uzito wa tani 57. Mshale wa mashine yetu hukwama kwenye 300. Zege letu likifika hapo halijavunjika, nasi hatujui kama lingevunjika kwenye 301 au kwenye 600, na hakuna jarida la kitaaluma litakalotukubalia kuandika kwamba lilikuwa gumu sana.

Kwa hiyo michemraba husafirishwa kwa basi hadi maabara ya jiji jingine. Mmoja una kilo nane, konda hutoza kama mzigo wa viazi, na mingine hufika imemeguka pembe. Kipimo kinachotambuliwa ni cha siku ya 28 tangu zege limwagwe, lakini kwa sababu ya foleni, michemraba yetu hupimwa siku ya 35 au zaidi, nayo data ya miezi mingi huharibikia hapo.

Miaka mitatu iliyopita mgeni rasmi wa siku kama ya leo, akiwa kwenye kiti kama hicho ulichokalia, alituahidi mashine mpya kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Tulipiga makofi na vigelegele, kisha kwa imani tukamwaga msingi wa zege wa kuisimamishia. Aliyemfuata alitueleza kwamba suala lipo mezani, ingawa hatukuelezwa ni meza ya nani. Barua tatu za kukumbushia zimepokelewa na kugongwa mihuri, na ankara kifani, yaani hati ya bei ya mashine kutoka kwa muuzaji, imeisha muda mara mbili. Msingi ungali imara, na wanafunzi huutumia kunywea chai.

Hatuombi gari wala jengo. Tunaomba mashine moja yenye uwezo wa kilonyutoni 2,000, pamoja na fungu la kuihakiki kila mwaka, kwa kuwa mashine isiyohakikiwa itaturudisha kwenye mshale uleule.

Ankara kifani mpya imo ndani ya bahasha utakayokabidhiwa pamoja na zawadi ya kigae. Katibu wa kamati ameketi karibu na meza kuu akiwa na daftari la ahadi na kalamu. Wageni waliotangulia hatukuwapa daftari la kutia saini, na kosa hilo tunalibeba sisi.

Tunaomba kuwasilisha.